Hamali wa Mpira

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Msicheke. Kwenye kazi niliyokuwa nikifanya huo ni uzee wa haki kabisa, na wapo waliostaafu kabla yangu hata ndevu hazijawatimia. Nyinyi vijana wa hapa Springfield na ng'ambo ya mto kule Maryland, mnaocheza futiboli ya Kimarekani shuleni na ambao wazazi wenu wametoka pwani, bara, Kongo au Burundi, mmekuwa mkinisimamisha msikitini, dukani, hata nikitia petroli, mkiniuliza ilikuwaje. Nimechoka kujibu nimesimama, basi naandika. Naandika kwa Kiswahili makusudi, maana najua wengi wenu mtashindwa kusoma, mtawapa mama zenu wawasomee. Ndivyo ninavyotaka. Mambo haya na wao yanawahusu.

Ya mikataba na mishahara sitayagusa. Timu pia siitaji, na haikunikosea kitu. Nitasema ya kazi yenyewe, jinsi inavyofanywa na nani alinifunza, halafu nitafika kwenye goti na kwa mama yangu, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyajutia na ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Kwa mama wasioujua mchezo: timu ina mtu mmoja anayerusha mpira, ina majitu matano mbele yake yanayozuia, na ina mmoja anayesimama nyuma, anayetiwa mpira tumboni na kuambiwa apite katikati ya watu wanaotaka kumvunja. Huyo wa mwisho ndiye mimi. Siku niliyosajiliwa nilihangaika kumweleza Mama cheo changu.

"Mama, napewa mpira, naubeba, naupeleka mbele. Nikifika naweka chini, narudi kuchukua mwingine."

Akafikiri kidogo. "Yaani hamali."

"Si hamali, Mama."

"Unabeba, unapeleka, unatua, unarudi. Kwetu bandarini Tanga huyo ni hamali. Umesoma chuo kikuu miaka yote ile uje utoke hamali?"

Mdogo wangu Zainabu, aliyezaliwa hapahapa Virginia, anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo hakujibu kwa lugha yoyote, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo nyumbani kwetu kazi yangu ikawa uhamali, na sikuwahi kulishinda jina hilo.

Sikuchaguliwa siku ile timu zinapochagua wachezaji wapya. Nilipigiwa simu baadaye, wakati viti vizuri vimeshachukuliwa, kama mgeni anayealikwa pilau likiwa limebaki ukoko. Lakini ukoko nao ni chakula. Niliingia kambini na begi moja, nikapewa kofia ngumu yenye plasta imeandikwa jina langu kwa kalamu ya wino, tena limekosewa. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nikibaki wataliandika vizuri.

Aliyenipokea ni Curtis, mbeba mpira mkongwe wa timu, mzee wa miaka thelathini. Alitembea kama mtu anayeshuka ngazi hata kwenye sakafu tambarare. Hapo ndipo mjue desturi ya kazi hii: mkongwe ndiye anayemfunza mgeni, na mgeni amekuja kuchukua nafasi yake, na wote wawili wanajua, na wanakula meza moja. Kwingine mtu angekutilia mchanga. Curtis alinipa mpira siku ya kwanza akaniambia nisiuweke chini wiki nzima. Niende nao kula, niende nao mkutanoni, nilale nao. Ncha moja naibana kwapani, ncha ya pili naifunika kwa vidole, kiwiko kimekaza ubavuni. Mtu yeyote kambini alikuwa na ruhusa ya kuupiga utoke, na walinipiga kwelikweli, mpaka wapishi. Mpira ukianguka, nilizunguka uwanja mzima mbio huku wao wakiendelea kula.

Jambo la pili alilonifunza ni lile nyinyi vijana hamlipendi, maana halionyeshwi kwenye vipande vya video. Hamali habebi kila mara. Nusu ya kazi ni kusimama mbele ya mrushaji umkinge. Unatazama walinzi wa upande wa pili, unasoma macho yao na vidole vya miguu yao, unakisia ni yupi atakayekuja, halafu unakwenda kukutana naye kifua kwa kifua kabla hajashika kasi. Mara ya kwanza nilikisia vibaya. Nilimfuata wa kulia, akaja wa kushoto, akanibeba mimi na kumtupia mrushaji wetu. Nilikuwa chali. Kocha wa wabeba mpira akaja akasimama juu yangu.

"Mawingu yakoje leo?" akauliza.

"Mazuri, kocha."

"Yatazame vizuri. Kesho ukikosea tena utayatazama kutoka kwenu."

Nikajifunza. Mpaka leo nikiingia chumba chenye watu natazama kwanza vidole vya miguu.

Na jambo la tatu la Curtis lilihusu chumba cha tiba. Kila timu ina chumba hicho, kina vitanda, barafu, mashine za umeme na wataalamu wanaojua kazi yao. Curtis aliniambia nikipita mlangoni pake niongeze mwendo. "Ukilala kile kitanda," alisema, "mwenzako anavaa viatu vyako. Ukiamka, viatu vimeshapata sura ya mguu wake." Alisema hivyo kwa upendo. Naye aliambiwa hivyo na mkongwe wake, na huyo aliambiwa na wake. Simlaumu Curtis, ila laiti siku hiyo ningekuwa na pamba masikioni.

Sasa nimwingize Mama vizuri. Baba alitangulia mbele ya haki tungali Tanga, mimi mdogo na Zainabu yuko tumboni. Mama alikuja huku kwa dada yake, akapata kazi ya kulea wazee kwenye nyumba moja ya Arlington, na kazi hiyo anayo hadi leo. Lakini hiyo ni kazi ya mkate. Kazi yake hasa ni ukandaji. Alirithi kwa bibi, na bibi kwa mama yake. Mwanamke akijifungua, anakandwa arudishwe mwili. Mtu akiteguka, anakandwa. Mtoto akiwa na shingo ngumu, anakandwa. Tulipofika Virginia alidhani huku hakuna anayetaka mambo hayo, kumbe wanawake walikuwa wakiyalilia. Walianza Wazanzibari, wakaja Wakenya, habari ikavuka mto ikafika Hyattsville kwa akina mama wa Kikongo na Kirundi. Siku zake za mapumziko alipanda basi na treni na kikapu chake cha mafuta ya nazi yaliyochemshwa na tangawizi na karafuu. Alikuwa akirudi amechoka na ana raha. Kazini Arlington walimwita kwa jina la kwanza na kumwambia kitanda gani bado hakijatandikwa. Hyattsville walimwekea kiti na watoto waliambiwa wanyamaze.

Mwisho wa wiki ya kwanza ya kambi nilipewa ruhusa kwenda nyumbani. Nilishindwa kupanda ngazi tatu za mlangoni. Mama akanivua fulana kama mtoto, akatazama mgongo.

"Nani amekufanya hivi?"

"Wenzangu."

"Wa timu yako?"

"Ndiyo."

"Na wale wa timu nyingine?"

"Bado hatujacheza nao, Mama."

Akaenda kupasha mafuta. Nililala kwenye mkeka sebuleni, mpira wa Curtis nimeukumbatia kwa sababu wiki yake ilikuwa haijaisha, na Mama akauliza kama na huo mpira utakula chakula cha jioni. Alinikanda mpaka nikasinzia. Nilipoamka nilipanda ngazi.

Basi ikawa ada yetu. Tunacheza Jumapili, na Jumatatu mchana, baada ya mikutano ya timu, naendesha hadi Springfield nalala mkekani. Mama hakuwahi kutazama mchezo hata mmoja. Jumapili alikuwa akizima simu na kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Lakini hakuna kocha aliyejua michezo yangu kama yeye. Aliweka kiganja begani, akasema, "Jana walikuwa wakikungoja upande wa kushoto." Kweli. Akashika paja: "Umekimbia kidogo, umesimama sana." Kweli tena, tulikuwa nyuma kwa pointi na mrushaji alihitaji kulindwa. Siku moja aligusa mbavu akaniuliza mbona nilianguka nimegeuka nyuma. Nilikuwa nimegeuka kujitazama kwenye skrini kubwa ya uwanja. Mama akafinya pale palipouma.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa kukimbilia mateke, yaani mpira ukipigwa mbali nakimbia kumwangusha aliyeudaka, kazi ya wale wasio na jina. Mwaka wa pili Curtis aliachwa. Namna yake ndiyo hii: unapigiwa simu asubuhi na mtu wa ofisini, mpole sana, anasema kocha mkuu angependa kukuona, na uje na tableti yako. Tableti ndiyo yenye mbinu zote za timu. Ukisikia neno tableti umekwisha. Nilimkuta Curtis mbele ya kabati lake la nguo anakunja taulo ambazo hata si zake. Akaniangalia mikono, nilikuwa nimeshika mpira, akanisukuma kiwiko kikaze ubavuni, akaondoka. Sikumpigia simu kwa muda mrefu. Nilijiambia namwacha apumzike, lakini ukweli niliogopa, kama mtu anavyoogopa kutembelea wodi.

Mwaka wa tatu ndio uliokuwa mwaka wangu. Mbeba mpira wetu wa kwanza aliumia bega mapema, na nikasogezwa mbele. Jina langu likaandikwa juu kwenye orodha ya ukutani, na likaandikwa sawasawa. Sitawaficha, nilifurahi mno. Nilipiga picha ile karatasi ukutani nikampelekea Zainabu, akamwonyesha Mama, Mama akauliza kama mwanzoni ndiko wanakopigwa zaidi. Nyuma yangu aliwekwa kijana mpya kutoka kusini, jina lake Marcus, ana mbio kama mtu aliyeiba. Nilimfunza mpira wa wiki nzima, kama nilivyofunzwa. Nilimfunza kusoma vidole vya miguu. Alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi, na hilo nililiona kila siku.

Jumapili moja katikati ya msimu nilikatiza kona, njumu zikang'ang'ania kwenye majani, mwili ukaenda na goti likabaki. Nilisikia kitu kama unapovunja muwa. Nikainuka, nikacheza mpaka mwisho, mwili ukiwa moto haukuambii kitu. Jumatatu asubuhi nilitoroka chumba cha tiba kwa mlango wa jikoni, nikaja Springfield. Goti lilikuwa kama papai.

Mama akaweka mikono. Kwa kawaida alikuwa akizungumza akikanda, habari za wazee wake wa Arlington, nani kagoma kula, nani kamwita kwa jina la marehemu mkewe. Siku hiyo alinyamaza. Akashika ugoko kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akavuta kidogo, akarudisha.

"Hapa ndani pamelegea," akasema. "Kama mlango uliotoka bawaba. Hiki si cha kukandwa, Omari. Nenda kwa madaktari wenu."

"Nitakwenda baada ya msimu."

"Nenda leo."

"Mama, nikienda leo Marcus anaanza Jumapili. Akianza, mimi sirudi. Sijafanya kazi nyingine maishani. Nimekuwa wa kwanza kwa wiki nne tu."

Hakunijibu upesi, na mimi nilijua kwa nini. Mwaka Zainabu alipoanza shule, Mama aliumia mgongo akimwinua mzee mmoja kazini. Akaja nyumbani akajifunga kanga mbili chini ya sare, akabana mpaka akashindwa kuinama kuvaa viatu, akarudi kazini kesho yake na kesho kutwa, msimamizi asijue. Zainabu ndiye aliyemvalisha soksi. Nani kati yetu tuliohamia huku hajafanya hivyo? Mgonjwa ni yule ambaye bosi amemwona. Kwa hiyo Mama hakuhitaji kuelezwa viatu vya Curtis. Alivijua kabla yangu.

Akaenda kupasha mafuta.

"Nitatoa uvimbe," akasema. "Ugonjwa sitoi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Umenielewa, au umenisikia?"

"Nimekuelewa."

Alinikanda Jumatatu, alinikanda Jumanne akitoka kazini bila hata kuvua sare, akanifunga kwa vipande vya kanga iliyolowekwa siki na chumvi. Jumatano asubuhi kabla ya mazoezi, mtaalamu wa tiba, mwanamke makini anayeitwa Denise, alipita kwa kila mmoja wetu kama kawaida. Alikuwa ameona kwenye video nilivyoinuka. Akalishika goti akalibonyeza, akalilinganisha na lingine. Yalikuwa sawa kama vikombe vya seti moja.

"Linauma?"

"Hapana."

"Una uhakika? Nilitegemea kuona limevimba."

"Niko sawa, Denise."

Akaandika niko sawa. Alifanya kazi yake vizuri. Na Mama alifanya ya kwake vizuri zaidi, ndipo lilipo tatizo.

Jumapili ile nilicheza mchezo bora wa maisha yangu. Sijui nisemeje. Laiti ningecheza ovyo. Nilibeba nikafika mara mbili, watu wazima wasionijua waliliita jina langu kwa kelele, na Jumatatu Springfield kwenye duka la vyakula vya kwetu nilikatazwa kulipia sambusa. Mama alikanda tena bila kusema. Wiki iliyofuata Denise alibonyeza tena, akaandika tena. Mimi nikaanza kuamini kwamba Mama alikosea, kwamba mikono yake imezeeka imeanza kuogopa. Hilo nalo najuta, kumdhania vile ilhali nimelala mikononi mwake.

Mchezo wa tatu tangu goti liumie, Mama aliwasha televisheni. Zainabu alinisimulia baadaye. Aliketi kwenye ukingo wa kochi na kanga yake begani, mara ya kwanza tangu nianze kazi, na Zainabu akajaribu kumweleza sheria. Mama akamwambia nyamaza, sitazami mpira, natazama goti. Robo ya pili nilipewa mpira, nikakimbia kwenda nje, hakuna mtu karibu nami, nikageuka kuingia ndani. Zainabu anasema Mama alisimama kabla sijaanguka. Anaapa. Alikwisha kusimama na kushika kichwa, na mimi kwenye skrini bado nilikuwa nakimbia.

Sikuguswa na mtu. Nilianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mpira niliushika, hilo waliandika magazetini, kwamba niliushika mpaka wakaja kunifungua vidole.

Daktari aliyenipasua alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Baada ya kuamka alituita sote watatu, mimi kitandani, Mama na Zainabu kwenye viti. Akasema kano moja ilikuwa imekatika siku ile, lakini nyingine ilikuwa imechanika wiki kadhaa kabla, na gegedu imesagika kwa kukimbiliwa. Jeraha la mwanzo peke yake lingeshonwa, ningepumzika, mwakani ningerudi. Kwa haya mawili na msago wake hakuahidi kitu. Halafu akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu, "Lakini halikuvimba? Uvimbe ndio ambao ungekuokoa. Mtu yeyote angeuona angekusimamisha."

Mama Kiingereza anakijua. Miaka yote hii Arlington, atakosaje? Alitazama mikono yake iliyokuwa pajani, akaigeuza, akaifunika na kanga. Zainabu alinitazama mimi. Nilipaswa kusema pale pale kwa daktari, mbele ya Mama, kwamba aliniambia niende na mimi ndiye niliyekataa. Maneno yalikuwepo. Nilikuwa na dawa ya usingizi kichwani na huzuni ya goti langu, nikasema, "Lilivimba kidogo," tukaacha hapo.

Mwaka mzima wa mazoezi ya kurudi sitauelezea, mnaweza kuukisia. Nilijifunza kutembea, nikajifunza kukimbia mstari ulionyooka. Kambi iliyofuata walinipa nafasi ya haki. Marcus alikuwa wa kwanza, na alinichukulia chakula mezani kama mimi nilivyokuwa nikimchukulia Curtis. Siku nilipopigiwa simu niende na tableti, nilikuwa nimeshaisafisha kioo. Mtu wa ofisini akashangaa sina maswali. Baadaye nilimpigia Curtis, nikaongea naye saa nzima. Ana duka la matairi na magoti mawili ya chuma. Aliniuliza kama niliwahi kulala kile kitanda. Nikamwambia hapana. Akasema hata yeye hakuwahi, na laiti tungelala wote wawili.

Hayo ndiyo ya kazi yangu. Nimeyasema bila machungu makubwa, kwa sababu hamali kuvunjika ni jambo linalojulikana. Lisilojulikana ni hili lingine.

Mama hakandi tena. Hakutangaza. Aliyempigia simu aliambiwa mikono inamwuma, wiki ijayo labda. Wiki hiyo ilipofika akaambiwa labda tena. Mafuta yaliyobaki aliyapikia wali. Mimi mwenyewe nilimwomba, mguu wangu ukikaza nyakati za baridi, akasema nenda kwa wale wenye mashine, wamesomea. Nikamwambia Mama, si wewe. Ulinikataza. Ni mimi. Nimemwambia jikoni, nimemwambia kwenye gari, nimemwambia kwa upole na siku moja kwa ukali. Anaitikia, "Sawa, baba." Anasema sawa kama anavyowaambia wazee wake wa Arlington wanapomwambia leo ni siku ya harusi yao. Mara moja tu alijibu. Alisema, "Wewe ulikuwa na haki ya kutaka. Mimi ndiye niliyekuwa najua."



Mwezi uliopita huko Hyattsville binti mmoja aitwaye Furaha alijifungua mtoto wa kwanza. Mama yake Furaha ni Mkongo wa Bukavu, mwanamke wa kanisani, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na Mama aliwakanda binti zake wakubwa wote wawili. Alipiga simu mara nyingi. Mama hakupokea. Badala yake aliamka akapika uji wa mzazi, wa pilipili manga, ule mzito, akautia kwenye chupa ya chai, akaniambia nipeleke.

"Twende wote, Mama. Ukamwone mtoto tu."

"Uji usipoe," akasema.

Nikaenda. Walikaa ghorofa ya pili, na ngazi nikazipanda moja moja nikishika reli. Mama Furaha alifungua mlango, akatazama nyuma yangu, akatazama ngazi, akangoja. Kisha akatazama chupa.

"Mama yako iko wapi? Tunamungoya tangu juzi. Nimeshapasha maji."

"Ametuma uji, mama. Anawasalimu sana."

"Uji nitapika miye. Namuuliza yeye. Ni mugonjwa?"

"Hapana. Ameacha kukanda. Amestaafu."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa jua limestaafu. Ndani mtoto alilia, na Furaha akaita kwa Kiingereza kuuliza kama yule mama amefika.

"Kwetu mutu ya mikono kama ile hastaafu," Mama Furaha akasema. "Anakanda mupaka Mungu amuite. Nani alimuachisha?"

Nikampa chupa ya uji, akaipokea.

"Mimi, mama," nikamwambia.